Fimbo ya Karamu

Msinitetee, jamani. Saida alifariki asubuhi, na mumewe Bakiri alipokuja kuomba wanawake wa kumwosha, mimi Tabia, mwalimu mzima wa chuo, nikamtoa nje.

Nafundisha historia ya kale pale Braamfontein. Ndiyo nikajitia kiherehere, nikakiletea chama chetu cha Watanzania wa huku ugenini utaratibu wa klabu moja ya Athens ya zamani: mwanachama akileta fujo karamuni, msimamizi humwekea fimbo kando yake, naye hutoka bila kusema neno. Watu walicheka, wakaupenda. Bakiri mwenyewe aliunyoshea mkono. Na msimamizi wakanichagua mimi.

Sasa Bakiri ana mdomo, nyote mnamjua. Hakuna mkutano ambamo hagombani. Jumapili hiyo tulikuwa tunapakua pilau, simu tumezizima, akaingia anahema. "Jamani, nisikilizeni! Acheni kula kwanza!"

Nikajisemea, huyu naye kaanza. Nikachukua fimbo, nikailaza miguuni pake. Watu wakapiga makofi. Akaitazama, akanitazama mimi. Kisha akageuka, akatoka. Nami, Mungu anisamehe, nikajisikia fahari kwamba utaratibu wangu unafanya kazi. Nikaongeza na kachumbari.

Mwenzetu Zubeda alipowasha simu, akakuta ujumbe wa jirani wa akina Bakiri. Alipiga ukelele. "Inna lillahi! Saida! Bakiri kaja huku kututafuta!"

Eish, sijui niliendeshaje gari hadi kwao Diepsloot. Sikumbuki hata robot moja, zile taa za barabarani. Zubeda analia pembeni yangu, mimi machozi hayatoki, nimejaa hasira na nafsi yangu. Chama tulikianzisha kwa ajili gani, kama si kuzikana?

Duka lao lilikuwa limefungwa. Bakiri alitoka chumba cha nyuma, mikono ya shati imelowa hadi viwikoni. Alikuwa amekwisha kumwosha mkewe, peke yake.

Nikaanza kumwomba radhi. Nilisema sana, ovyo, bila mpangilio, nikamshika mkono. Hakunikatiza hata mara moja, yeye Bakiri. Alisubiri mpaka nikaishiwa.

"Mwalimu," akauliza taratibu, bila kejeli, "naruhusiwa kusema sasa?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Saida amefariki," akasema.