Bata wa Soli ya Baba

Jumamosi alasiri, meza ya chakula ikiwa imetandikwa magazeti ya zamani, Bi Wino alikuwa akichonga bata kwenye soli ya kandambili. Aliushika wembe uliozungushiwa kitambaa upande mmoja ili usimle vidole, akakata taratibu kuzunguka mdomo wa bata, akapuliza vumbi la mpira, akatazama. Bata alielekea kushoto. Ndivyo ilivyotakiwa, kwa sababu picha ya muhuri huchongwa kinyume, na kwenye kadi angeelekea kulia, upande kadi inakofunguliwa.

Jina la Bi Wino alipewa na mtaa kwa ajili ya vidole vyake, ambavyo kwa miaka sasa havikuonekana katika rangi yake ya kuzaliwa. Alitengeneza kadi za kila shughuli: za harusi, za pole, za hongera ya mtoto, za kumuaga bosi ambaye watu wanafurahi anaondoka. Aliikunja karatasi ngumu kwa mgongo wa kijiko ili mkunjo ukae sawa, akapiga muhuri, akasubiri wino ukauke, ndipo akabandika utepe, kifungo cha shati au ua la karatasi. Mihuri yote aliichonga mwenyewe kwa soli kuukuu. Mpira mpya, alisema, ni mbishi, haushiki wino. Soli iliyotembea sana ndiyo hulainika ikaukubali wembe. Mtaa mzima ulikuwa umeshajua, haukutupa kandambili zilizochoka. Ulimpelekea.

Safari hii kadi zilikuwa zake mwenyewe. Alikuwa anaolewa na fundi baiskeli, kijana mcheshi aliyemwita Bata kwa jinsi alivyotembea akiwa na haraka, naye ili kumkomoa akaamua harusi yote iwe ya bata. Soli ilikuwa ya baba yake. Hakuna mtu nyumbani aliyemaliza kandambili kama baba. Kila alasiri aliaga kwamba anakwenda kwa kinyozi kusoma gazeti, na kinyozi yuko ng'ambo tu ya barabara, lakini soli zake zililika mpaka ukizishika juani unaona mwanga. Baba alisema viwanda vya siku hizi ni wizi mtupu.

Kilichomkaa Bi Wino rohoni ni shangazi yake. Ndiye aliyemfundisha kushika wembe, akiwa mdogo kiasi cha kusimama juu ya kigoda ili aifikie meza, na Bi Wino hakuweza kuiwaza siku ya harusi yake bila kumwona mwanamke yule amekaa mbele na mkoba wake mapajani. Lakini shangazi na baba hawakuwa wakisemezana. Bibi, mama yao, alipougua, shangazi alikuwa akiishi mji mwingine, na baba akasema hana haja ya kumsumbua dada yake na safari mpaka ijulikane hali ikoje. Hali ikawa msiba. Shangazi aliposhuka na begi lake alikuta watu wanarudisha viti vya kuazima. Alimwambia ndugu yake maneno mazito mbele ya majirani, na baba akasema hatamsemesha tena mtu aliyemvunjia heshima hadharani. Baadaye shangazi alihamia upande wa pili wa soko, karibu kabisa, na hata hivyo hakuna aliyetia guu kwa mwenzake. Sasa baba alikuwa ametamka akiwa anakunywa chai, wala hakupandisha sauti, kwamba akija yeye, mimi siji. Shangazi naye alikuwa ametuma salamu za namna hiyohiyo. Bi Wino aliwataka wote wawili, na hakutaka kuambiwa achague.

Alipiga bata wake kwa wino wa bluu, mmoja kila kadi, akazianika kadi mezani.

Kesho yake mchana alikuta kadi ni nyeupe. Nyayo ndogo za bluu zilikuwa zimeteremka kwa mguu wa meza, zikapita sebuleni, zikatokea mlangoni. Mama, aliyekuwa ametoka kupiga deki, alisema kwamba kama wino ule hautoki kwenye vigae basi harusi atagharimia bata. Bi Wino alivaa viatu akazifuata nyayo.

Aliwakuta njiani, wanakwenda mstari mmoja kando ya mtaro. Walikuwa bapa, wana unene wa wino na si zaidi. Ukiwatazama ubavuni unawaona, wakikugeuzia mgongo hawapo, na kila kona walipotea kidogo halafu wakarudi. Mwenye duka la vyombo aliwaomba wapite upande wa pili kwa sababu ndiyo kwanza amefagia. Dereva wa lori la saruji alizima injini akawasubiri, akitafuna njiti. Mama mmoja mwenye mtungi wa gesi alimuuliza Bi Wino kama anafuga, na Bi Wino akajibu hapana, ni wa kadi, na yule mama akasema ahaa.

Walipita soko, wakapita kwa fundi cherehani, wakafika kwenye lango la kijani la shangazi. Hapo wakasimama. Bata wa mbele aliinua mguu, akakaa nao hewani kama anayetaka kubisha, akaushusha. Halafu wote wakageuka na kurudi walikotoka.

Dirisha la shangazi lilikuwa wazi. Alikuwa anachambua mchele na hakuinua uso.

"Wamewahi," alisema. "Mwenyewe huja jua likipoa."

Bi Wino aliuliza mwenyewe nani. Shangazi alimwonyesha kwa kidevu mahali chini ya ukuta, karibu na lango, ambapo ardhi ilikuwa imechimbika kwa ukubwa wa nyayo mbili za mwanamume. Akaeleza kwamba baba yake huja kila siku anayojaliwa. Husimama pale, hujikohoza, hulitazama lango, huondoka. Siku za mvua huja na mwavuli.

"Shangazi, mbona humfungulii?"

"Hajabisha hodi."

Ikaendelea hivyo. Bata walirudi kwenye kadi jioni wakiwa wamechujuka, wino wao umebaki barabarani, na Bi Wino ikambidi awapige upya, na kesho wakashuka tena. Kadi za namna hiyo huwezi kumpelekea mtu. Ataifungua akute karatasi tupu, adhani umemwalika kwenye msiba. Siku ya harusi ilikuwa inasogea. Fundi baiskeli alimshauri awafunge bata kwa utepe, na wakajaribu, na utepe ukakutwa langoni kwa shangazi.

Alasiri moja baba alitoka kwenda kwa kinyozi akakuta bata wametangulia. Alisita. Kisha akawafuata, kwa kuwa hakuwa na njia nyingine ya kwenda alikokuwa anakwenda, na mtaa ukamwona akipita nyuma ya msafara ule, mikono mgongoni. Watu walimwamkia kwa adabu. Wengine walishamzoea, kumbe waliokuwa hawajui habari za safari zile walikuwa watu wa nyumbani kwake tu.

Usiku ule, wakati wa chakula, Bi Wino alipiga moyo konde akasema.

"Baba, si ubishe tu."

Baba aliondoa mwiba wa samaki mdomoni, akauweka ukingoni mwa sahani.

"Nibishe niseme nini?"

"Useme ulikosea kutomwita."

Baba alitafuna. Mama aliacha kutafuna. Mwishowe baba akasema kandambili za siku hizi hazidumu, ni mpira wa kuchanganya, akanawa mikono, akajiendea zake chumbani. Bi Wino alisikia uchungu umempanda mpaka kwenye masikio. Laiti angekataa, wangebishana. Lakini utabishana vipi na mtu anayekujibu habari za mpira?

Asubuhi yake alikwenda kwa shangazi kuomba soli. Shangazi alimpa bila kuuliza, ila akamwonya asimchongee bata, bata ana makelele, yeye achongewe kuku. Bi Wino alizigeuza zile kandambili akazitazama soli. Zilikuwa zimelika kuliko za baba. Kisigino kilikuwa chembamba kama ganda la kitunguu, na shangazi alikuwa na watu wa kumletea mboga hadi mlangoni.

Alichonga kuku mnene mwenye mkia wa majivuno, akampiga kwa wino mwekundu, akasubiri. Kuku hawakukaa hata wino ukauke. Walishuka wakaenda barabarani, wakazunguka kwanza hadi lango la kijani, kama watu wanaotaka safari yao ianzie nyumbani, halafu wakaja mstari mmoja mpaka mlangoni kwa baba. Wakasimama. Wakanyoosha shingo. Wakageuka. Mama, aliyekuwa anaanika nguo, alisema aa, huyo shangazi yako huja asubuhi baba yako akiwa bafuni, na akaendelea kubana soksi kwenye kamba. Bi Wino alimkata jicho mama yake. Mama alisema hajaulizwa.

Siku moja kuku walichelewa, kwa kuwa wino mwekundu ulikuwa umeganda na Bi Wino alilazimika kuupasha moto, na kwa kuchelewa huko wakakutana na bata njiani. Ilikuwa kwenye kiwanja kitupu cha pembeni mwa fundi cherehani, ambacho hakina mwenyewe anayejulikana, watu huegesha mikokoteni. Mistari miwili ilisimama ikitazamana. Halafu ikavurugika. Bata walipiga mabawa, kuku wakakimbizana kwenye magurudumu, bluu ikaingia kwenye nyekundu wakazaliwa wa zambarau, na makelele yao, yaliyokuwa madogo kama ya karatasi inayokunjwa, yakamtoa fundi cherehani nje na kipimo chake shingoni. Hakuna ndege aliyekwenda langoni siku ile. Bi Wino alisimama katikati yao akicheka peke yake kama mwehu, machozi yakimtoka, kwa furaha tupu.

Alirudi nyumbani akakaa mezani na mihuri yote miwili. Akapiga bata na kuku kwenye kadi moja, midomo inakaribia kugusana. Akasubiri. Alikunywa chai. Akaenda sokoni akarudi. Walikuwa palepale, wamenona kwa wino, wala hawana habari ya kwenda popote. Basi akazimaliza kadi zote kwa mwendo huo, akabandika utepe mwembamba na kifungo kimoja kila kadi, na mahali pa kuandika ukumbi akaandika kiwanja cha kwa fundi cherehani.

Kwa baba na kwa shangazi alizipeleka kwa mkono. Baba aliuliza kama na yule mtu anakuja. Bi Wino alimjibu kwamba harusi haifanyiki nyumbani kwake wala kwa yule mtu, na kiwanjani mtu hukaa upande anaoutaka. Kwa shangazi alisema hayohayo, neno kwa neno. Wote wawili walivuta mdomo. Wote wawili wakauliza kama kutakuwa na viti vyenye mgongo.

Siku ilipofika mikokoteni ilisogezwa, mtaa ukaja na viti vyake, na fundi baiskeli akaingia juu ya baiskeli aliyoipamba matairi kwa riboni, akaanguka kidogo, akainuka akacheka kabla ya watu. Bi Wino alivaa nyeupe, na vidole vyake vikaachwa kama vilivyo. Watu walicheza mpaka vumbi likapanda. Waliokuwa na kadi mifukoni walizishika kwa mkono, kwa sababu ndege waliposikia muziki walianza kutikisika, na ilionekana si vizuri kuwabana.

Baba alikaa ukingo wa kulia, chini ya turubai. Shangazi alifika na mkoba wake, akachagua ukingo wa kushoto ambako turubai halikufika, akaweka kiti chake palepale juani, mgongo kwa ndugu yake. Alialikwa kusogea akasema yuko vizuri. Bi Wino alipita kati yao mara nyingi akibeba soda, akiwaona wote wawili kwa zamu, na kila alipopita alikuwa na tumaini jipya.

Mara baba akamvuta mkono.

"Mwambie shangazi yako amekaa juani."

Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba wa bibi baba kumwita shangazi, si yule mtu. Bi Wino alivuka kiwanja akikimbia kibatabata, gauni amelikunja mkononi, akafikisha ujumbe. Shangazi alifuta jasho kwa leso. Hakugeuka.

"Mwambie baba yako na aliseme lile la kusema. Hili la jua nalijua."

Bi Wino alirudi akafikisha. Baba alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, na midomo yake ikafunguka, na Bi Wino akasubiri, na fundi baiskeli kule mbele akasubiri na keki kijikoni. Midomo ikafungika. Baba aliinuka, akakishika kiti chake kwenye egemeo, akakiburuta kutoka chini ya turubai, kupita wacheza muziki, mpaka kwenye ukingo wa kushoto. Akakiweka hatua chache kutoka kwa dada yake, juani, mgongo kwa mgongo. Akakaa.

Watu waliwazunguka, wakaendelea kucheza. Bi Wino alikula keki yake kwa mkono wa mumewe. Wale wawili walibaki hivyo, kola ya baba imelowa, leso ya shangazi imelowa, hakuna aliyesema kitu wala aliyesogea, hadi jua lilipozama.