Dirisha la Kumtafuta Nahom

Meaza ndiye aliyelitengeneza lile dirisha. Shirika moja lililokuwa likitafuta watu waliopotea vitani liliipa ofisi yao ya Addis Ababa kazi ya kuunda ukurasa wa mtandaoni, naye akakabidhiwa sehemu ambayo ndugu wangejaza habari za mtu wao. Ukigusa jina la wilaya yako, dirisha dogo linafunguka. Ukigusa popote nje yake, linajifunga na kufuta yaliyomo. Msimamizi wao, Kifle, ambaye kwa heshima ya umri walimwita Gashe, aliupenda usafi huo. Walijaribu pale ofisini wakaridhika.

Siku moja mama yake, Alganesh, akampigia simu kutoka Woldia, mji wa kaskazini ambako vita vilipita.

"Mwanangu, hicho kisanduku chako kinameza maneno yangu."

"Utakuwa unagusa pembeni, mama. Gusa taratibu."

"Nagusa taratibu. Kwani napiga teke?"

"Basi jaribu tena."

Alganesh akajaribu tena na tena, kimyakimya, asimsumbue binti mwenye kazi nyingi. Alikuwa akiandika habari za Nahom, kitindamimba wake, aliyetoka kutafuta unga barabara zilipofungwa na hakurudi.

Pasaka ilipofika, Meaza akaenda nyumbani. Walipomaliza kula, mama akachukua simu, akakaa kando yake akiandika kwa kidole kimoja: kovu juu ya jicho la kushoto, koti la kahawia lililoshonwa kwapani, anavyoinamisha kichwa akicheka. Ikabaki siku aliyoonekana mara ya mwisho. Akafungua kalenda ya dirishani, ile ya Kiethiopia, akagusa mwezi wa Hidar.

Dirisha likajifunga. Maneno yote yakapotea.

"Umeona?" mama akasema, kwa sauti ya mtu aliyezoea.

Meaza aliona, akaelewa. Ofisini walikuwa wamejaribu kalenda ya kizungu tu. Ile ya nyumbani iliongezwa mwishoni, na ingawa machoni ilionekana imo ndani ya dirisha, kompyuta iliihesabu kuwa kitu cha nje. Kila aliyeitumia alifukuzwa, na maneno yake pia.

Akafungua kompyuta yake palepale, akaandika mistari michache ya kuufundisha ukurasa kwamba kalenda ni sehemu ya dirisha. Kisha akatoka uani, akampigia Gashe Kifle.

"Umefanya vizuri," Kifle akasema, "lakini ya nini sasa, dada? Shirika lilishafunga zoezi. Waliona wilaya za huko hazina majina, wakasema basi watu wameshaonana. Watafutaji wamepelekwa kwingine."

"Majina yalikuwepo, Gashe. Dirisha ndilo lililoyatupa."

"Nitawaandikia, ila usitarajie kitu. Yanayoingia sasa hivi hayana hata wa kuyasoma."

Aliporudi ndani, mama akamwuliza, "Limepona?"

"Limepona, mama."

Alitaka kuyasema na yale aliyoambiwa na Kifle, lakini Alganesh alikuwa ameshaanza kuandika upya, kovu, koti, kichwa kinavyoinama. Akagusa Hidar. Dirisha likatulia. Akatuma, na ukurasa ukamjibu kwamba habari zake zimepokelewa na zinashughulikiwa, kwa maneno aliyoyatunga Meaza mwenyewe.

"Afadhali," mama akasema. "Sasa tungoje watupigie."

Akapandisha sauti ya simu mpaka mwisho, akaiweka mezani, akakaa mbele yake. Meaza akavuta kigoda, akakaa naye.