Rangi ya Njano ya Byron

Wueh! Hiyo Jumamosi pale Mbita, Risper alibaki kidogo tu alilie laptop.

Ilikuwa ya marehemu kakake, Byron. Nguo za marehemu zilipogawanywa, mashangazi walibeba makoti, yeye akapewa laptop. Lakini mama yao, Teresa, alikataa iguswe. Kwao, nguo ya marehemu inafuliwa kwanza ndio mtu aivae. Na laptop je, si ni vile vile? Akapigia Frankline, mtoto wa dadake, fundi wa kompyuta huko Migori, akuje aisafishe.

"Toa kila kitu, wuod nyaminwa, mwana wa dada," Teresa akasema kutoka uani, akigeuza omena, wale dagaa wake wa ziwa, ambayo mvua imelowesha tena.

"Anti, hii si shati. Nikiimwagia Omo itakufa!"

Frankline akafungua browser. Juu kwa kona kulikuwa na vitu viwili vidogo vya kuongezea, zile wanaita extension: ngao ya kijani na kalamu ya njano.

"Ngao ni ya usalama. Cheki." Akabonyeza linki ya zawadi ya bure, zile zinazungushwa WhatsApp. Skrini yote, pwaa, nyekundu! Usiingie, hapa ni wezi. Risper akaruka. Aki ni kama kuna mtu ndani alikuwa amekaa mlangoni akingoja.

"Hii tunaacha. Kalamu natoa. Soma ruhusa yake: inaona kila kitu kwa kila tovuti. Hata password."

"Na ngao haioni?" Risper akauliza.

Frankline akakuna kichwa. "Hapo umenishika. Inaona pia. Lakini kulinda ni kazi yake. Kalamu ya kupaka maneno rangi, password yako ni ya nini?"

"Byron alikuwa anapaka nini?"

Wakafungua ukurasa aliokuwa akisoma mwisho. Ulikuwa wa kukausha samaki wadogo ndani ya kibanda cha nailoni. Ukaja mweupe, wa kawaida. Halafu, yawa! Rangi ya njano ikaanza kutokea yenyewe, mstari huu, mstari ule, kama mtu anasoma sasa hivi na kidole. Risper akasogea karibu na skrini. Pembeni kulikuwa na maneno ya Byron: *Ya Mama. Mvua isimharibie tena. Mlango uangalie upepo, Risper atajua wapi.*

"Ukitoa kalamu?" akauliza polepole.

"Rangi yote inaenda nayo. Hairudi."

"Basi usiguse!"

"Nilisema kila kitu," Teresa akaita kutoka nje.

"Mama, kuja kwanza."

Teresa akakuja, omena mbichi ingali mkononi. Risper akamsomea. Akasoma tena. Teresa akaweka kidole karibu na ile njano, akaogopa kuigusa.

"Hiyo si uchafu," akasema. "Hiyo iache."

"Na password?" Risper akamgeukia Frankline.

Jamaa akazama kwa mipangilio, akafinya hapa, akafinya pale, mpaka akapata. Kalamu ikafungiwa kwa ile tovuti moja tu. "Kwingine kote ni kipofu sasa. Ngao ilinde, kalamu ikae na Byron."

Risper akachagua rangi ya kijani, akapaka ule mstari wa mlango, chini kabisa ya njano ya kakake. Alipoinua macho, mama yake hakuwepo. Alikuwa uani, amefungua kitambaa cha kichwa, amekiinua juu. Kikapepea, kikaelekea upande wa jikoni.

"Risper!" akaita. "Upepo ndio huu. Kuja unionyeshe mlango wa kibanda."