Jicho Moja la Kofia

Mwanakuu wa Kibokoni alikuwa haoni mbali, na miwani kwake ilikuwa adhabu. Akiivaa na nikabu, pumzi zapanda, vioo vyajaa mvuke, basi huivua akatembea vivyo hivyo. Mara ngapi amemwamkia mwanamume wa watu akidhani ni shemejiye? Lahaula! Sasa mwanawe Mzamil anaoa, naye alitaka kitu kimoja tu: asimame mlangoni amwone bwana harusi akienda msikitini.

"Twende ukafanyiwe leza ya macho, uachane na miwani, mama," bintiye Yumna akamwambia. Wakaenda kwa daktari wa macho, Ganjoni.

Daktari Baya, kijana mpole, alimpima, akamweleza bila kumficha: usiku huenda taa akaziona zina duara, macho yaweza kukauka, na kwa umri wake wa miaka arobaini na saba, akishaona mbali, vya karibu vitafifia.

"Wafanya kazi gani, mama?"

"Sina kazi, mwanangu. Niko nyumbani tu."

Yumna akaruka. "Mama! Na kofia?"

"Kofia nayo ni kazi? Nani kwetu hashoni?"

Mkobani mwake mlikuwa na kofia ya harusi, ile mama humshonea mwanawe kwa mkono, imejaa vishimo vidogo vidogo. Daktari akamvisha vioo vya majaribio, aone atakavyoona baada ya leza. Mwanakuu akashika sindano. Vishimo hakuviona, aliona uji mtupu. Akavivua vile vioo.

"Basi sitaki! Mwanangu aoe na kofia ya dukani?"

Daktari akacheka. "Tufanye jicho moja, mama. Hilo jingine libaki na kofia yako. Ila wengine hawazoei, kichwa huwauma. Jaribu kwanza kwa lenzi ya kuvaa jichoni."

Akajaribu, akazoea. Jicho la kulia likafanywa. Siku za mwanzo alikatazwa maji usoni, akawa akitayamamu kwa mchanga badala ya kutawadha. Usiku taa za barabara ya Ndia Kuu zikawa na duara kweli, naye akasema si neno, zapendeza. Kofia akaimaliza kwa jicho la kushoto.

Siku ya harusi alisimama mlangoni na nikabu yake. Mzamil akatoka katikati ya wanaume, kofia ya mamake kichwani. Akamwona wazi: ndevu zilizochongwa, tabasamu la haya, hata jasho la shavuni. "Mashallah, mwanangu," akasema. Akamfuata kwa jicho, baraza baada ya baraza, lakini kabla Mzamil hajafika kona, mamake akawa hamwoni tena. Machozi yalikuwa yamemjaa macho yote mawili.