Namba Saba wa Hersaing

Lucienne alikuwa amefikia picha ya timu ya kumi na nne. Aliandika majina nyuma yake kwa penseli: waliosimama kwanza, waliochuchumaa baadaye. Klabu ya soka ya Hersaing ilikuwa inatayarisha kitabu cha kuadhimisha miaka mia moja yake, na karani alikuwa amemweleza kwa upole kwamba atakayekosa jina kufikia Ijumaa ataandikwa "hajulikani." Lucienne alizifua jezi za klabu miaka ishirini na miwili. Karibu hakukuwa na mwingine wa kuulizwa.

Mchezaji wa mwisho kulia, uso wake ulikuwa umeliwa na maji. Ila kiwikoni palionekana mshono, uzi mweupe juu ya jezi nyekundu. Aliushona mwenyewe kwenye jezi namba saba, siku uzi mwekundu ulipomwishia. Namba saba, basi. Marehemu mumewe, Casimir, alikuwa akiivaa namba saba, na hakuacha picha hata moja akiwa ndani ya jezi.

Akampigia simu Edmond, aliyekuwa golikipa, sasa yumo katika nyumba ya wazee. Kwanza Edmond akauliza kama Lucienne bado anaunguza supu. Lucienne akajibu kwamba bado anaiunguza, kisha akamsimulia habari ya mshono.

"Mshono ni wa jezi, shemeji, si wa mtu. Saba alipewa yeyote aliyecheza winga. Casimir akiwa zamu mgodini, aliivaa Marceau."

"Siku ya picha hii Casimir alikuwa zamu?"

Edmond akasema siku hizi anakumbuka mabao aliyofungwa tu, nayo yanamtosha.

"Wewe andika Casimir. Nani atabisha? Mimi huku nabishana na uji."

Alipokata simu, Lucienne akaandika *Casimir Wachowiak*. Jina likakaa vizuri pale. Aliliangalia mpaka harufu ya supu ikamfikia kutoka jikoni.

Akazima jiko, akarudi. Akamfikiria Marceau, aliyekufa bila mke wala mtoto. Hata wa kumpigania kwa penseli hakuwa naye. Akachukua raba, akafuta polepole, karatasi isichanike.

Madaftari ya zamu za mgodi yalihifadhiwa ofisi ya mji, ambayo ingefunguliwa kesho yake saa tatu asubuhi. Akaiweka picha kando ya bakuli lake moja, penseli juu yake, nafasi ya namba saba ikiwa tupu.