Mmoja kati ya Sitini na Wawili

Watu sitini na wawili walijaza dodoso la Madam Fortunata, mwalimu wetu wa ushauri nasaha, na sitini na mmoja wakaandika kwamba hawajawahi kutazama video za ngono mtandaoni. Hata moja. Yaani chuo chetu hiki cha ualimu hapa Sumbawanga kimejaa malaika. Na hao hao ndio walioshinda wakirushiana koneksheni, yaani video zenyewe hizo, kwenye simu tangu chai ya saa nne, wakicheka mpaka machozi.

Huyo mmoja aliyebaki alikuwa Flavian, kijana wa Mollo, miaka ishirini na miwili. Aliambiwa dodoso halina jina, naye akaamini. Akaandika kwamba anatazama kila siku, peke yake, amejifunika gubigubi, na akimaliza anajiona hana mtu duniani. Pale chini palipouliza kama anahitaji msaada, akaandika ndiyo.

Madam akasoma matokeo darasani. "Huyu mmoja simjui, wala sitaki kumjulia hapa. Jumatano saa nane aje ofisini tuongee."

Darasa likaangua kicheko. "Ajitokeze basi tumwone," akasema Calvin, anayelala kitanda cha juu ya kile cha Flavian. Flavian naye akacheka, tena kuwapita wote. Moyoni alitamani kulia.

Jumatano upepo ulikuwa unakata masikio. Flavian akavaa sweta, akabeba daftari la kisingizio, akaenda. Kwenye kibaraza cha ofisi akamkuta Calvin, naye na daftari.

"Vipi mshikaji, mbona huku?" Calvin akauliza.

"Nasubiri mtu. Na wewe?"

"Nasubiri mtu."

Amekuja kunichunguza huyu, Flavian akawaza, akanitangaze. Akakaa. Mara akaja Isdori, naye anasubiri mtu. Kisha Rozina, yule wa dawati la mbele. Wakakaa wanne, kila mmoja anajifanya anasoma.

Kwao Mollo, Jumamosi, watu hukaa hivyo hivyo kwenye benchi la kanisa wakisubiri kuungama. Hakuna anayemuuliza mwenzake amebeba nini. Zamu yako ikifika, unaingia. Flavian alilikumbuka benchi lile alipomwona Rozina anafuta macho, eti vumbi. Ndipo akaelewa kwamba wote hawa wamefuata mlango ule ule. Ilikuwa ni kusimama tu, aingie wa kwanza. Akafunua ukurasa mwingine wa daftari.

Saa kumi na moja Madam akatoka, akafunga ofisi.

"Shikamoo Madam," wakasema wote.

"Marahaba. Kuna mtu nilimsubiri hapa, hakuja. Labda ameshapona." Akaenda zake.

Flavian na Calvin wakarudi hosteli. Karibu na mlango wa chumba Calvin akauliza, bila kumtazama, "Mtu wako hakuja?"

"Hakuja. Wa kwako?"

"Naye hakuja."

Wakaingia. Kila mmoja akapanda kitandani kwake na simu yake, akajifunika gubigubi.