Dawa Namba Kumi na Saba

Jisha Pothen aligundua kosa lake Jumanne asubuhi, mvua ya Juni ikipiga madirisha ya maabara, na aligundua kwa bahati tu. Alichukua mrija usio wenyewe. Badala ya kutia dawa namba kumi na saba kwenye protini mpya, aliitia kwenye protini iliyokuwa imeganda tangu Jumapili. Akaweka mrija kwenye mashine ya kupima mwanga, na namba zikaporomoka pale pale.

Alizisoma mara mbili.

Kwa miaka minne, katika chuo kikuu kimoja cha Kochi, kusini mwa India, Jisha alikuwa akichunguza protini moja tu, ile ambayo kwa wenye ugonjwa wa kutetemeka hupoteza umbo lake ndani ya ubongo na kushikana kuwa mabonge. Kwenye mirija walitia rangi inayong'aa penye mabonge. Pasipo mabonge, giza. Dawa namba kumi na saba, unga wa manjano uliotolewa kwenye mizizi ya kichaka fulani, ilileta giza kila mara. Gazeti la mji lilikwisha kuiandika. Baada ya siku tisa Profesa Raghunandanan, mkuu wa maabara, angeitangaza Delhi.

"Kaka Basheer," Jisha alimwita fundi wa maabara. "Mabonge ya siku mbili yanaweza kuyeyuka kwa sekunde kumi?"

"Labda yamekuogopa wewe."

"Sitanii."

Basheer akasogea, akasoma namba, na uso ukambadilika. "Hayawezi."

"Basi bado yamo. Ila hatuyaoni. Huu unga unameza mwanga wa rangi yetu."

Kulikuwa na njia ya kujua. Waliizungusha mirija kwa kasi kwenye mashine nyingine ili kila kilichoganda kishuke chini. Kama dawa ilikuwa ikifanya kazi, chini pangekuwa patupu. Hapakuwa patupu. Tabaka jeupe lilikuwa limetuama pale, zito sawasawa na la mrija usiotiwa dawa. Wakarudia Jumatano. Wakarudia Alhamisi.

Mchana huo Jisha alikula wali na samaki asisikie ladha yake. Aliwaza kunyamaza. Pengine ungepita mwaka mzima kabla ya mtu mwingine kushtuka, na kufikia hapo angekuwa amekwisha kupata kazi ya kudumu. Wazo hilo alikuwa nalo mpaka tonge la mwisho. Kisha akaosha chombo chake, akapanda ghorofani kwa profesa.

Profesa alimsikiliza bila kumkatiza.

"Jisha," alisema mwishowe, "hii ni kazi ya miaka minne."

"Ndiyo, Profesa. Ndiyo maana sitaki iwe uongo wa miaka minne."

"Umekosea kupima. Rudia."

"Nimepima mara tatu. Shuka uje ufanye kwa mkono wako."

Hakuna aliyewahi kumwambia profesa hivyo. Lakini alishuka. Akavaa koti la Basheer, lililombana mabegani, akapima kila tone mwenyewe, pole pole, kwa mikono iliyokuwa haijashika mrija kwa miaka kumi. Mashine iliposimama, akainua mrija kwenye mwanga wa dirisha. Tabaka jeupe lilikuwepo.

"Nitapiga simu Delhi," alisema. Akalivua lile koti na kulikunja vizuri kabla ya kuondoka.

Simu iliyomtisha Jisha zaidi ilikuwa ya Mzee Varkey, ambaye mkewe hakuweza tena kushika kijiko. Tangu asome gazeti alikuwa akipiga kila Ijumaa kuulizia dawa. Safari hii Jisha alimtangulia.

"Mzee, ile dawa haifanyi kazi. Tulidanganyika sisi, na mimi ndiye niliyepima."

Alisikia mvua upande wa pili, na sauti ya mwanamke ikiuliza ni nani.

"Ni yule daktari mtoto," mzee alimjibu mkewe. Kisha akarudi kwenye simu. "Sasa utaacha?"

"Siachi."

"Haya. Basi Ijumaa nisipige?"

"Piga, mzee. Hata kama sina jipya."

Dawa sitini na mbili zilikuwa zimetupwa kando miaka hiyo yote kwa sababu rangi ilisema hazifai. Kama rangi ilidanganya kwa moja, haikustahili kuaminiwa kwa nyingine; huenda baadhi zilikuwa ziking'aa zenyewe hata pasipo mabonge. Jisha akazitoa zote kwenye jokofu na kuanza upya, kwa kuzungusha, moja kwa siku. Basheer alilalamika kila asubuhi na kuwahi kufika kila asubuhi.

Kufikia Onam, sikukuu ya mavuno ya mwanzoni mwa Septemba, walikuwa wamezimaliza. Sitini zilianguka. Mbili ziliacha chini ya mrija tabaka jembamba, nusu ya lile la kawaida. Jisha alizipima tena wiki nzima, na nusu ikabaki nusu.

"Tumwambie profesa?" Basheer aliuliza.

"Bado. Tengeneza protini mpya, kisha ubandike herufi kwenye mirija. Usiniambie ipi ni ipi."

"Hata wewe hujiamini?"

"Mimi hasa," alisema Jisha, akavaa glavu.